UPEPO NI WA BURE, UMEME SI WA BURE
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno matano ya leo: kinu, bawa, betri, waya, vipuri.

Leo tutazungumza habari ya kupata umeme kwa nguvu ya upepo katika kisiwa kidogo. Labda mtu atasema, "Sisi wa Kikole ni watu wa msitu, visiwa vinatuhusu nini?" Ngoja kidogo, ndugu yangu. Mwishoni utaona kwamba Kikole ina jambo la kuwafundisha watu wa visiwani.

Kwanza tuufikiri upepo wenyewe. Watu wa pwani yetu waliujua kabla ya vitabu. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni mpaka Kilwa, na kusi iliyarudisha. Mji wa Kilwa Kisiwani ulitajirika kwa biashara iliyobebwa na pepo hizo mbili. Basi mtu akitazama kusi ya mwezi wa Julai ikipinda minazi, ni haki yake kuuliza: nguvu hii yote inapotea bure, kwa nini isituwashie taa?

Na haja ipo. Mvuvi wa kisiwani akipata samaki wengi naye hana barafu, ama atawauza kwa bei ya kutupa, ama atawafanya ng'onda. Mama akijifungua usiku, mkunga anahitaji mwanga. Jenereta hutoa umeme, lakini hula mafuta, na mafuta ya kisiwani huongezewa nauli ya mashua.

Kinu cha upepo hufanya kazi hivi. Kuna mnara mrefu, na juu yake mabawa matatu. Upepo huyasukuma mabawa, nayo huzungusha mtambo unaotoa umeme. Kinu kikubwa cha kawaida huanza kutoa umeme upepo ukifika mwendo wa kilomita 14 hivi kwa saa. Ukizidi kilomita 90 kwa saa, hujifunga kisivunjike.

Sasa tufanye hesabu. Mwendo wa upepo ukiwa mara mbili, nguvu yake haiwi mara mbili. Huwa mbili mara mbili mara mbili, yaani mara 8. Na upepo ukipungua kuwa nusu, nguvu hubaki sehemu moja tu katika sehemu 8. Hapo ndipo shida ya kwanza ilipo. Wakati wa kusi kuna nguvu nyingi. Lakini ikifika tanga mbili, kati ya msimu na msimu, bahari hulala na tanga hulegea. Kinu nacho hulegea vivyo hivyo. Kwa hiyo kisiwa hakiwezi kutegemea upepo peke yake. Lazima kiwe na betri za kuweka akiba, au umeme wa jua, au jenereta ya kusaidia.

Shida ya pili ni udogo wa kisiwa chenyewe. Tuseme kijiji kina nyumba 200, na kila nyumba ina taa 5 za wati 10. Kila nyumba hutumia wati 50. Mara 200 ni wati 10,000, yaani kilowati 10. Sasa tazama Cape Verde, nchi ya visiwa upande wa magharibi wa Afrika. Miaka ya 2011 na 2012 visiwa vyake vinne vilipata vinu 30, na kila kimoja kina nguvu ya kilowati 850. Gawa 850 kwa 10. Jibu ni 85. Basi kinu kimoja cha namna ile, upepo ukiwa mzuri, kingetosha taa za vijiji 85 kama kijiji chetu cha mfano. Umeme mwingine utakwenda wapi? Hata Cape Verde kwenyewe, penye miji na hoteli, upepo ukivuma sana usiku watu wamelala, vinu huzuiwa visitoe nguvu yake yote, kwa kuwa hakuna wa kuitumia.

Dawa yake ni kuchagua vinu vinavyolingana na mahitaji, na kutafuta kazi zinazoweza kuungojea upepo. Taa haziwezi kungoja, maana giza likiingia twataka mwanga. Lakini barafu yaweza kugandishwa saa yoyote upepo unapovuma, ikawekwa mpaka wavuvi warudi. Maji nayo yaweza kupandishwa kwenye tangi mchana, yakatumika jioni. Kwa njia hii barafu na tangi ni ghala la upepo, na bei yake ni ndogo kuliko betri.

Shida ya tatu ni uchukuzi. Bawa moja la kinu kama vile vya Cape Verde lina urefu wa mita 25 hivi, wala halikatwi vipande. Mwalimu, wapeleke wanafunzi nje wapige hatua 25, waone. Litapakiwa kwenye tishali, litateremshwa kisiwani, litapita njia gani kati ya nyumba na minazi? Tena yahitajika winchi kubwa ya kuliinua. Barabara nayo yaweza kukatika. Mwezi wa Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, maji yaliikata barabara ya kusini hapa Kilwa, magari yakakwama. Mtu anayepanga kusimamisha mnara pwani yetu lazima akumbuke vimbunga.

Shida ya nne ni mahali pa kuchimba msingi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na ilichukua miaka 10 kuyatoa humo. Huwezi kuchimba shimo kubwa ovyo penye makaburi na misikiti ya kale. Labda mtu atasema, "Basi vinu vijengwe bara, na waya upite chini ya bahari." Yawezekana. Lakini waya mmoja ukiharibika, kisiwa chote huwa gizani. Unguja yapata umeme wake kutoka bara kwa waya wa baharini. Mwezi wa Desemba 2009 ilitokea hitilafu, na watu wakakaa bila umeme huo mpaka Machi 2010. Wenye fedha waliwasha jenereta. Wasio nazo walirudia koroboi.

Shida ya tano ni chumvi. Ninyi mnajua bati la pwani linavyoliwa na kutu. Kinu nacho hupigwa na hewa ya chumvi usiku na mchana. Pasipo kupakwa dawa, kukaguliwa na kubadilishwa vipuri, hakitadumu. Je, fundi atatoka Dar es Salaam kila mara? Nani atalipa nauli yake? Mashine nyingi za vijijini hazikufa kwa sababu zilikuwa mbaya. Zilikufa kwa kukosa kipuri kidogo na mtu wa kukifunga.

Sasa tuone kisiwa kimoja kilichofaulu. Jina lake ni Eigg, kiko Uskoti, na wakazi wake ni kama 100 tu. Mwaka 1997 ardhi ya kisiwa ilinunuliwa kwa ajili ya wakazi wenyewe. Mwaka 2008 wakawasha umeme wao wa saa 24, unaotokana na maji ya vijito, upepo na jua, pamoja na jenereta ya akiba. Walikubaliana kwamba kila nyumba isitumie zaidi ya kilowati 5 kwa wakati mmoja. Anayezidisha, umeme wake hukatika. Na wakazi wa kisiwani humo walifundishwa kuitunza mitambo. Hawakuanza na mitambo. Walianza na mapatano.

Mahali pasipo mapatano mambo huharibika. Kule Kinangop, Kenya, kulikuwa na mpango mkubwa wa vinu vya upepo. Upepo ulikuwepo na fedha zilikuwepo, lakini wakazi na wenye mradi walishindwa kupatana juu ya ardhi. Mwaka 2016 mradi ulifutwa, hata kinu kimoja hakikusimama.

Na sasa nakuja Kikole, kama nilivyoahidi. Mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha utunzaji mwema. Ilikuwa ya kwanza katika Afrika kwa misitu ya asili inayotunzwa na wanakijiji. Zamani mpingo ulikatwa, na kijiji kikaambulia kidogo sana. Mpingo uleule ukipimwa, ukahesabiwa na kuuzwa na kijiji, huleta fedha zinazosomwa mbele ya mkutano. Mti haukubadilika. Kilichobadilika ni nani anahesabu, na nani anasoma hesabu hiyo.

Upepo ni kama mpingo. Siku mgeni atakapofika kisiwani na michoro yake, wananchi wamwulize: Kinu ni cha nani? Uniti moja ya umeme ni shilingi ngapi? Fundi wetu ni nani, na atasomea wapi? Fedha za vipuri zitawekwa wapi? Na kinu kikizeeka, nani atakiondoa? Majibu yaandikwe, na kila mtu ayasome kabla ya kuweka sahihi au dole gumba. Ndiyo maana, ndugu zangu, twajifunza kusoma na kuhesabu.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini kisiwa hakiwezi kutegemea upepo peke yake?
2. Kijiji kina nyumba 120, na kila nyumba ina taa 4 za wati 10. Taa zote zikiwaka, zinatumia wati ngapi?
3. Taja kazi mbili zinazoweza kuungojea upepo. Je, Kikole ina kazi ya namna hiyo?
4. Mashine gani ya hapa kijijini ilikufa kwa kukosa kipuri? Tungefanya nini mapema?

Kila mmoja aandike sentensi tatu juu ya swali la nne, na mwalimu azisome kwa sauti.