Haki ya Mtoto Asiyeona

*Hotuba kwa viongozi wa walei, Tukuyu*



Ndugu viongozi wa jumuiya, wapendwa wazazi. Mmeniomba niwaeleze habari ya kazi niliyoifanya muda wote wa ualimu wangu, yaani kuwafundisha watoto wasioona. Nimekubali kwa furaha, lakini nisingependa mtoke hapa mkisema, "Mwalimu huyu alikuwa na huruma." Huruma ni njema, ila jambo lililonileta mbele yenu ni haki.

Mara nyingi kazi yangu ilianzia nje ya darasa. Huku kwetu Rungwe nyumba zimefunikwa na migomba, na mtoto aweza kufikia miaka tisa bila majirani kumfahamu. Si kwamba wazazi wanamchukia. Wanaona haya, au wanawasikiliza wanaosema amelogwa, au wanahofia atatumbukia mtoni. Ukweli ni kwamba macho huharibiwa na surua, upungufu wa vitamini A, mtoto wa jicho asiyetibiwa mapema, na magonjwa mengine ya mwili. Hakuna laana hapo. Mtoto apelekwe kwanza hospitali. Na ikiwa hatapona, apelekwe shule.

Mtoto aliyeketishwa nyumbani miaka mingi huja na vidole vilivyolala. Hatumwanzishi na herufi. Twampa bakuli la maharage na mahindi yaliyochanganywa, ayatenganishe. Twampa vifungo vya shati avifunge mwenyewe. Ndipo hufuata maandishi ya nukta nundu. Nukta ni sita tu, katika safu mbili za nukta tatu tatu, nazo hutosha kwa herufi zote, tarakimu na hata muziki. Anayeandika kwa kibao na kalamu ya chuma hutoboa karatasi kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kuwa ataigeuza ili asome upande wa pili. Aliyeyabuni maandishi hayo, Louis Braille wa Ufaransa, alikuwa kipofu tangu utotoni. Aliyatangaza mwaka 1829 akiwa na umri wa miaka 20, naye alikuwa mwalimu.

Ndugu zangu, nami nilikosa. Katika miaka yangu ya mwanzo nilimshika mkono mvulana mmoja kila alipokwenda bwenini, chooni na kwenye chakula. Nilidhani huo ndio upendo. Siku moja niliugua. Niliporudi niliambiwa kwamba alikuwa ameketi mahali pamoja tangu asubuhi hadi mchana, akiungoja mkono wangu. Hapo nikatambua kwamba msaada usiomwachia mtoto nafasi ya kutembea ni kifungo kingine. Tukaanza upya kwa fimbo nyeupe, hatua kwa hatua, hata katika vijia vyetu vyenye utelezi wakati wa masika. Alianguka, akainuka, akajifunza.

Katika nchi yetu makanisa yalitangulia katika kazi hii. Waanglikana walianzisha shule ya wasioona huko Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Walutheri wakafuata Irente, Lushoto, mwaka 1963. Leo hapa hapa wilayani Shule ya Msingi Katumba II hupokea watoto wenye mahitaji maalumu. Nayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeweka wazi kwamba mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kusoma sawa na wenzake. Kwa hiyo, anayemficha mtoto anamnyang'anya mali yake.

Nawaomba mambo matatu. Kwanza, kila jumuiya ndogo ndogo iulize, nyumba kwa nyumba, kama yupo mtoto asiyesoma, na viongozi wafuatane na wazazi wake hadi shuleni. Pili, mtoto aliye bweni afuatwe likizo inapofika. Nimewaona watoto wameketi juu ya masanduku yao, wakisikiliza kila gari linalopita, hata jua likazama. Shule si mahali pa kumtupa mtoto. Tatu, kijana asiyeona anayerudi na elimu yake apewe kazi katika parokia: asome, aimbe, aongoze, apige kura na achaguliwe.

Nimestaafu. Watoto bado wapo nyuma ya migomba. Tukitoka hapa, twendeni tukawatafute.