Kwa Nini Bado Tunakutana Kuimba
Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika Sherehe ya Jubilei ya Miaka 25



Kwa niaba ya kwaya tunamshukuru Mungu kwa miaka 25. Siku hizi vijana hutuuliza: ikiwa nyimbo zote ziko kwenye simu, na kanisa lina spika, mbona bado mnakutana kila Jumamosi jioni, migongo ikiuma kwa kuchuna chai, kufundishana do-re-mi? Ni swali zuri. Leo tungependa kulijibu.

Jibu la kwanza liko hapa nyumbani. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet na mashine ya kurekodi. Wasichana wa Kipsigis walimwimbia wimbo uitwao "Chemirocha". Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huku. Wasichana wale hawakutosheka na kusikiliza santuri. Walilichukua jina la mgeni wakalitia katika lugha yao, wakaimba wenyewe.

Jibu la pili tulilipata mwaka 2020. Corona ilipofunga makanisa, nyimbo hazikukosekana redioni. Mwezi wa Julai tuliporuhusiwa kurudi, ibada ilikuwa ya saa moja, watu wasizidi 100, na waliopita miaka 58 wabaki nyumbani. Hao walikuwa karibu besi yetu yote! Basi tukaanza kuwafuata wazee wetu majumbani, watu wanne wanne, tukiimba uani kwa umbali na barakoa.

Mama mmoja wa alto alikuwa amemzika mumewe miezi hiyo, watu wakiwa wachache kaburini. Redio yake iliimba kutwa, naye hasemi. Siku tulipomwimbia alilia, tukanyamaza. Alipotulia tukaanza tena, na katika ubeti wa pili akaishika sauti yake ya alto akiwa mlangoni. Baadaye alituambia kwamba redio haimngojei mtu akilia, lakini sisi tulimngojea.

Wapendwa, hiyo ndiyo kazi ya kwaya. Mwenzako akikwama kwa kikohozi, unamshikia sauti. Mvua ya mawe ikipiga mabati na stima ikapotea, kinanda kinanyamaza, nasi tunapandisha sauti. Anayeimba anakuona, nawe unamwona.

Leo tumepungua. Mashine za kuchuna chai zimepunguza kazi mashambani, na baadhi ya wenzetu wamehama na jamaa zao kutafuta riziki. Wengine wamelala katika Bwana. Tukiziacha spika zijaze nafasi zao, hatutakuwa na watu wa kwenda uani siku ya msiba.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Vijana, njooni Jumamosi, hata kama hamjui nota. Sisi pia tulifundishwa. Wazazi, wapeni ruhusa. Na washiriki wote, wimbo unaofuata msiurekodi tu kwa simu. Simameni, tuimbe pamoja.