Moto, Ukungu na Barabara: Je, Ajali Haina Kinga?

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Haki na Amani)



Nimeombwa nizungumze juu ya hali mbaya ya hewa, moto wa nyikani na usalama wa barabarani katika mkoa wetu wa Songwe. Kwa mtazamo wa haraka haya ni mambo matatu, na kila moja lina ofisi yake: la kwanza ni la Mamlaka ya Hali ya Hewa, la pili ni la bwana misitu, la tatu ni la askari wa usalama barabarani. Lakini kwa mtu aishiye kati ya Nanyala na Tunduma ni jambo moja. Moshi wa shamba lililochomwa mwezi wa Septemba huvuka barabara. Ukungu wa Mbozi hufunika mteremko alfajiri, wakati ambapo mama zetu wanasubiri gari la kwenda sokoni Mlowo. Lori la mafuta likianguka mtaroni, moto huingia kwenye majani na kufika nyumbani kwa mtu ambaye hakuwa hata na habari.

Tunapowazika wapendwa wetu waliokufa barabarani, semi mbili hazikosekani. Wa kwanza husema: ajali haina kinga. Wa pili huitikia: kazi ya Mungu haina makosa. Usemi huu wa pili ni kweli, ila mara nyingi tunauweka mahali pasipo pake. Dereva akiuteremka mlima Senjele na gari lisilo na breki, na mwenye gari alijua, na aliyepaswa kulikagua alilitazama akalipitisha, je, hiyo ni kazi ya Mungu? Kumtwisha Mwenyezi Mungu uzembe wa watu watatu ni kumshuhudia uongo, na amri ya nane hatujaifuta. Katika mkoa huu ninajua kitu kimoja tu kilichoanguka pasipo mtu kuhusika, nacho ni kile Kimondo cha Mbozi. Vingine vyote vinavyoanguka, tuulize kwanza vimeangushwa na nani.

Injili ya Luka, sura ya 13, inataja mnara wa Siloamu uliowaangukia watu 18 wakafa. Bwana wetu alikataa kata kata kuwafanya marehemu wale kuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, kisha akawageukia walio hai na kuwadai toba. Nasi yatupasa kufuata utaratibu huo: tusiwahukumu waliokufa, bali sisi tulio hai tuhojiwe. Torati nayo ilikuwa imekwisha kuhoji. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kinamwagiza ajengaye nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya mwenye nyumba. Kitabu cha Kutoka, katika sura ya 22 pia, kinamwagiza aliyewasha moto ukashika miiba na kuteketeza nafaka ya jirani, alipe. Hapo hapakutajwa nia. Hakuulizwa kama alikusudia au hakukusudia. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 2290, inafundisha kwamba yule ambaye kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi anahatarisha usalama wake na wa wenzake barabarani ana hatia nzito. Nawaomba makatekista msiache kuisoma namba hiyo katika mafundisho ya Kipaimara, kwa maana waendesha bodaboda wetu wengi wametoka katika madarasa hayo.

Sasa niitazame barabara yenyewe. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao haramu mwaka 1965, Zambia ilikosa njia ya mafuta, na Tanzania ikakubali kuyapitisha. Mapipa yalipakiwa kwenye malori yakapita katika njia ya vumbi na matope, ambayo madereva wa wakati ule waliifananisha na jehanamu. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA lilikamilika kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Lami ikafuata, kisha reli ya TAZARA. Hivyo barabara yetu ilianza kama tendo la udugu kati ya mataifa mawili maskini, na hilo tusilisahau tunapoilalamikia. Leo malori yanayokwenda Zambia na Kongo yanapanga foleni hata baada ya kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kufunguliwa mwaka 2019. Mengi kati yake yana shehena inayowaka. Dereva aliyekaa siku kadhaa katika foleni, ambaye tajiri wake anamhimiza awahi, anaondoka akiwa na usingizi na hasira. Na tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, kwa hiyo barabara hiyo haina tena saa ya kupumzika.

Nafika mahali pagumu, nanyi mnivumilie. Sote tunajua biashara ya madumu inayofanyika kando ya barabara. Dereva au utingo wake huuza lita kadhaa za dizeli au petroli, na mtu wa kijijini hununua kwa bei nafuu, naye huwauzia wenye pikipiki. Tunaiita riziki. Lakini mafuta hayo aliyapata wapi? Mengine yameibwa katika shehena. Mengine dereva ameyabana katika tangi lake mwenyewe, na njia mojawapo ya kuyabana ni kuteremka mlima gia ikiwa huru, kwa nia ya kupunguza matumizi ya mafuta. Gari lenye tani nyingi likiteremka hivyo, breki peke yake hubeba uzito wote. Hupata moto, na zikishapata moto hazishiki tena. Mbele yake kuna Hiace iliyojaa abiria, au watoto wanaotoka shule. Kwa hiyo lile dumu lililofichwa chini ya kitanda cha muumini wetu lina undugu na jeneza tulilolizika juzi. Ndiyo maana nasema kwamba ajali ina wazazi, na baadhi yao wanakaa katika mabenchi ya kanisa.

Mtu atasema: Padre, ni umaskini. Naam, ni umaskini, na sitathubutu kumlaumu mwenye njaa kabla ya kumlaumu anayeipitisha mali mlangoni pake bila kumwachia kitu. Ushuru wa mpaka hupita, nayo zahanati ya kijiji inakosa hata dawa ya kuungua. Jambo hilo Tume yetu haina budi kulisema mbele ya wahusika kwa heshima na bila woga. Hata hivyo umaskini haubadili tabia ya petroli.

Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakakimbilia na madumu na ndoo. Moto ukalipuka, na waliofariki, kwa kuhesabu pamoja na waliofia hospitalini, walizidi 100. Taifa liliomboleza siku tatu. Miaka 10 kabla yake, mwezi Januari 2009, maafa ya namna hiyo hiyo yalitokea Sachangwan, karibu na Molo nchini Kenya, na huko pia waliokufa walizidi 100. Tarehe 2 Julai 2010 ikawa zamu ya Sange, katika Kivu Kusini, nchi ya jirani zetu Wakongo. Waliokufa walizidi 200. Ndugu zangu, kati yao walikuwamo watu waliokuwa wamejikusanya kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Hao hawakushika dumu wala ndoo. Moto uliwafuata mle walimokuwa.

Ni lazima tuelewe kwa nini. Petroli iliyomwagika haikai ikisubiri kiberiti mahali ilipomwagika. Hutoa mvuke usioonekana, mzito kuliko hewa. Mvuke huo hutambaa chini chini, huingia mitaroni na mabondeni, hufika mbali na lori. Ukikutana na jiko la mkaa la mama anayekaanga mihogo, au sigara, au cheche ya pikipiki inayowashwa, au ya betri inayong'olewa na mwizi, moto hurudi kwa njia ile ile hadi kwenye tangi. Anayekinga dumu amesimama ndani ya kitu kinachowaka, ingawa hajaona ndimi za moto. Kwa sababu hiyo, kumwambia mtoto akimbilie lori ili aokoe hata lita 5 ni kumtuma mauti. Mzazi anayejua hivyo na bado akamtuma hawezi kusema hakukusudia.

Kuna jambo jingine linaloniumiza kuliko hili la petroli. Katika mfano wa Msamaria Mwema tunahesabu watu wanne barabarani: aliyejeruhiwa, kuhani, Mlawi na Msamaria; na kabla yao wanyang'anyi. Katika njia yetu limezuka kundi ambalo Injili haikulitaja: wale wanaofika baada ya maafa na kuchukua kilichosalia. Dereva amebanwa kwenye usukani, anaomba maji, nasi tunampita tukibeba mifuko ya sukari. Abiria amezimia, na simu yake imekwisha kupata mwenyewe mpya. Kuhani na Mlawi walikosa huruma, lakini angalau hawakurudi na gunia. Mkristo aliyeshiriki katika jambo hilo anapaswa kurudisha alichochukua. Kuungama pasipo kurudisha, na hali anaweza, ni kuungama nusu.

Kuhusu moto wa mashamba nitasema machache, kwa kuwa wengi wenu ni wakulima na mnajua kuliko mimi. Majani huanza kukauka mwezi Juni, na ifikapo Septemba na Oktoba upepo hauna adabu. Anayechoma mabua, anayefukuza panya, mchoma mkaa, mrina asali, mfugaji anayetaka majani mabichi, kila mmoja huwasha moto mdogo wenye sababu yake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka masharti juu ya uchomaji moto, na vijiji vina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Lakini hakuna sheria itakayosimama shambani kwako saa nane mchana. Kata njia ya moto kwanza, waarifu majirani, choma jioni upepo ukitulia, wala usiondoke mpaka majivu yapoe. Na anayelima kando ya lami asichome kabisa wakati moshi unaelekea barabarani, kwa sababu dereva aliyeingia ghafla katika moshi haoni hata taa za aliye mbele yake.

Mvua nazo, tangu Novemba hadi Aprili, zina hatari zake: radi, mito ya Momba inayofurika, utelezi, na ukungu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na matangazo hayo husomwa redioni tukiwa tumekaa. Sioni sababu kwa nini mwenyekiti wa jumuiya asiyarudie mwisho wa sala, kama anavyotangaza michango. Watembea kwa miguu wavae kitu cheupe alfajiri. Na lile tawi la mti ambalo madereva huliweka barabarani gari likiharibika, hulisaidia gari linalokuja mchana. Usiku katika ukungu halionekani, tena likiachwa baada ya gari kuondoka linakuwa mtego wenyewe. Akipita mwanajumuiya akalikuta, aliondoe.

Nawapa kazi. Kila jumuiya iliyo kando ya barabara kuu ichague watu wawili, mmoja akiwa kijana, ambao ajali ikitokea watakuwa na kazi mbili tu: kupiga simu, 112 kwa polisi na 114 kwa Zimamoto na Uokoaji, na kuwazuia watu wasilisogelee lori la mafuta, mioto yote ya jirani ikizimwa. Wasijaribu kuwa mashujaa wa kuzima tangi linalowaka. WAWATA wa vigango hivyo wawe na mablanketi na maji safi tayari kwa majeruhi, maana kuungua hupozwa kwa maji safi, si kwa dawa ya meno wala mafuta ya kupikia. UWAKA wakae na serikali ya kijiji wapange siku za kukata njia za moto. Majina yafike kwa katekista wa kigango kabla ya Pentekoste, majani hayajakauka.

Kuhusu madumu yaliyo majumbani, sitamwita mtu kwa jina. Wenyeviti mnawajua wenye nayo. Wafuateni wawili wawili, bila kelele, kabla ya polisi. Sasa ningependa kuwasikia kwanza wenzetu wa vigango vya Senjele, Mlowo na Mpemba, halafu wa Momba na Ileje.