Vijana Wetu na Familia ya Televisheni ya Zamani



  Katika ratiba tumeandikiwa kuzungumzia vijana na matumizi ya muda, na bila shaka wengi mnategemea tuanze na simu, kubeti na pombe. Hayo yapo, na jana mmeyasikia kwa kirefu. Sisi tumeomba tuwashirikishe jambo dogo ambalo ofisi yetu ya miradi ililizima kwa barua, na tulikosea.

Katika usharika mmoja tunakoendesha mradi wa vikundi vya kuweka na kukopa kuna kikundi cha vijana wapatao ishirini. Wengi wamelelewa na bibi zao. Wageni wa usharika rafiki wa Minnesota, Marekani, walipotutembelea waliacha boksi lenye mashuka, miwani ya kusomea na, chini kabisa, seti ya DVD za tamthilia ya zamani iitwayo Little House on the Prairie. Boksi lilikaa stoo muda mrefu. Baadaye mpiga kinanda wa kwaya aligundua kwamba deki ya usharika bado inafanya kazi. Vijana wakaanza kukutana ukumbini kila Jumapili saa kumi baada ya mazoezi ya kwaya. Mmoja wao, ambaye Kiingereza chake kimenyooka, alisimama kando ya televisheni akatafsiri. Na kwa kuwa ni vijana wenye utaratibu, wakaandika tangazo kwa chaki kwenye ubao wa usharika. Walitafsiri jina la tamthilia neno kwa neno: "Leo saa kumi, Nyumba Ndogo. Wote mnakaribishwa."

Mnacheka. Mzee wa kanisa aliyekuja ofisini kwetu Jumatatu asubuhi hakuwa anacheka. Alisema, "Mratibu, vijana wenu wanaonyesha nyumba ndogo ndani ya nyumba ya Mungu, tena wanakaribisha watu." Tulipaswa kupanda pikipiki tukaone. Hatukwenda. Tuliandika barua kwamba shughuli hiyo isitishwe hadi ofisi itakapojiridhisha, ufunguo wa ukumbi ukakabidhiwa kwa mhazini, na sisi tukaendelea na bajeti.

Taarifa ya robo mwaka ilipokuja tuliona hisa za kikundi hicho zimeshuka. Hakuna aliyegoma. Ni kwamba Jumapili saa kumi ndiyo ilikuwa saa yao ya kukaa pamoja, na baada ya filamu ndipo kitabu cha hisa kilipofunguliwa. Tulipofunga ukumbi tulifunga na kitabu. Hapo ndipo tulipokwenda, tukaomba radhi, tukaomba pia tuangalie nao.

Kwa ambao hamuijui, tamthilia hiyo ilirushwa Marekani na kituo cha NBC kuanzia mwaka 1974 hadi 1983. Imetokana na vitabu vya Laura Ingalls Wilder, mama aliyezaliwa mwaka 1867 na kuandika maisha ya utotoni mwake. Inahusu familia ya wakulima katika kijiji cha Walnut Grove, ambacho ni kijiji kweli na kipo Minnesota. Baba anaitwa Charles, na aliigizwa na Michael Landon, aliyefariki mwaka 1991. Mama anaitwa Caroline, na watoto mwanzoni ni wasichana watatu. Kuna kanisa ambalo siku za juma ni shule, kuna duka la kukopea, na kuna mke wa mwenye duka ambaye kila usharika unaye wa kwake, na hapa hatutamtaja.

Siku tuliyokwenda walionyesha kipindi kimoja cha mwaka wa kwanza. Mvua ya mawe inaharibu ngano yote ikiwa imekaribia kuvunwa. Baba ana deni dukani. Anaondoka kwa miguu, mwendo wa siku nyingi, kutafuta kibarua, na anakipata kwenye machimbo ya mawe wanakolipua miamba kwa baruti. Mwenzake mmoja anafia pale. Huku nyuma mama hakai kulia. Anawakusanya wanawake wenzake, ambao waume zao pia wameondoka, wanaingia shambani kuokota kilichobaki. Mwishoni baba anarudi.

Mtafsiri wetu alikuwa hodari muda wote. Mchungaji wa kwenye filamu alimfanya aongee kama mchungaji wao wa usharika, na watu walicheka. Lakini baba alipotokea kwa mbali na watoto wakaanza kukimbia, kijana yule alinyamaza. Hakutafsiri tena mpaka mwisho, na hakuna aliyemdai.

Baadaye tulimuuliza mwenyekiti wao kwa nini wanapenda mambo ya wazungu wa miaka 150 iliyopita, wakati zipo tamthilia mpya zenye magari na maghorofa. Akatujibu kwamba baba yake aliondoka kwenda machimboni yeye akiwa darasa la pili, hajarudi, na hajui kama yu hai. "Mimi sijui baba akirudi anaingiaje ndani," alisema. "Anasema nini kwanza? Anakaa wapi? Nitakuwa baba siku moja, nijifunzie wapi?" Mwingine, binti, akasema yeye anachopenda ni kwamba baba yule analia mbele ya watoto wake, na ni kweli, Charles wa tamthilia ile ni mwepisi wa machozi. Analia, anakosea, anaomba msamaha, kisha wanakula.

Ndugu zetu, mwana mpotevu wa Luka 15 tumemhubiri miaka na miaka. Pale anayeondoka ni mwana, na baba yuko nyumbani anasubiri. Katika vikundi vyetu aliyeondoka mara nyingi ni baba, kwa machimbo, kwa mji, kwa mke mwingine au kwa kaburi, na anayesubiri ni mtoto. Hatuna mada ya semina inayomhusu mtoto huyo. Tuna mada ya ujasiriamali.

Wala si vijana wetu peke yao. Huko Marekani tamthilia hiyo imerudiwa kwenye vituo vya televisheni tangu ilipoisha, hivyo mtu aliyezaliwa miaka ya 1990 aliijua kwa kukaa sebuleni kwa bibi yake. Mwaka 2024, ilipotimiza miaka 50, wapenzi wake walikusanyika Simi Valley, California, eneo ilikopigwa picha, wakakutana na waigizaji ambao sasa ni watu wazima. Januari 2025 kampuni ya Netflix ilitangaza kuitengeneza upya.

Hapa tuseme na upande wa pili, kwa sababu vijana wanaweza kudhani zamani kulikuwa peponi. Familia halisi ya Ingalls ilikuwa na maisha magumu kuliko ya televisheni. Kati ya miaka 1873 na 1877 nzige waliitafuna Minnesota, na mazao yao hayakusalimika. Mtoto wao wa kiume alifariki mwaka 1876 kabla ya kufikisha mwaka mmoja. Binti mkubwa, Mary, alipofuka mwaka 1879 akiwa na miaka 14. Kumbukumbu za Laura zilizochapishwa mwaka 2014 zinaeleza jinsi walivyowahi kuondoka usiku kutoka mji mmoja wa Iowa kwa sababu ya deni. Afisa mikopo yeyote hapa anaijua safari hiyo!

Na lipo la ardhi. Kabla ya Minnesota familia hiyo ilijenga Kansas, katika ardhi ya Waindio wa Osage, bila haki ya kuwa pale. Vitabu vinawasema wenyeji hao na watu weusi kwa namna ambayo mwaka 2018 chama cha wakutubi wa Marekani kinachohusika na vitabu vya watoto kiliondoa jina la Wilder kwenye tuzo yake. Tulipowaeleza vijana hayo tulidhani watachukia. Walibishana mpaka giza likaingia, kuhusu shamba la mwenzao mmoja ambalo baba mdogo analilima na hataki kulirudisha. Kwa maoni yetu huo ulikuwa mjadala bora wa haki ya ardhi kuliko warsha mbili tulizowahi kuzilipia posho.

Wapo wachungaji waliotuuliza kama televisheni ni kazi ya kanisa. Tuwakumbushe kwamba Walutheri wenzetu wa Marekani waligharamia wenyewe kipindi cha watoto kiitwacho Davey and Goliath, kilichoanza kuonyeshwa mwaka 1961. Ni vikaragosi vya kijana na mbwa wake, dakika 15 tu, na kilifunguliwa kwa tuni ya wimbo wa Luther utokanao na Zaburi ya 46. Watoto walioutazama wakawa wazee na bado wanaupenda. Na Luther mwenyewe, alipotoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliandika juu ya kila sehemu kwamba hivi ndivyo mkuu wa nyumba awafundishe walio nyumbani mwake. Aliichukulia kwamba nyumba ina mkuu na anakaa mezani. Sisi tunagawa katekisimo kwenye nyumba ambazo kiti hicho kiko wazi, kisha tunashangaa kijana anapokwenda kukitafuta kwenye DVD.

Tumefanya nini? Si mengi. Ufunguo umerudi kwa vijana. Tuliomba wazee wanaume wa usharika waje mmoja mmoja kila Jumapili, waangalie, kisha wajibu maswali kuhusu maisha yao ya ndoa na malezi. Kati ya tuliowaomba, watatu walikataa, mmoja akisema hana cha kusimulia ambacho mkewe hatakikanusha. Waliokubali ni wanne. Mmoja wao alisimama akasema alikaa Dar es Salaam miaka sita bila kutuma hata barua, na kwamba alirudi usiku ili majirani wasimwone. Waliuliza mtoto wake alifanya nini. Akasema, "Alinipa maji ya kunawa." Hakuendelea.

Yule mzee wa kanisa aliyetuletea malalamiko anakuja pia. Anakaa mstari wa nyuma na anauliza maswali kuhusu ng'ombe.

Mwenyekiti wa kikundi ametuomba tumsaidie kuandika barua kwa wachungaji wa sharika zilizo karibu na machimbo, kuulizia jina la baba yake. Tumeandika barua hizo, na baadhi yenu mtazikuta kwenye bahasha za semina. Tunaomba zisomwe kwenye matangazo ya Jumapili ijayo, taratibu, jina lote na la babu, na majibu yaletwe ofisini kwetu hata kama ni mabaya.

Onyesho linaendelea Jumapili saa kumi. Anayetaka kuja aje na kiti, mabenchi yamepelekwa kwenye kongamano la akina mama. Tangazo la ubaoni siku hizi linasema "Familia ya Laura".