Shoni wa Amani na Vichaka Vinavyomhifadhi



Katika misitu ya Amani, Usambara ya Mashariki, anaishi ndege mdogo wa kijivu ambaye husikika zaidi ya anavyoonekana. Ni shoni mwenye mdomo mrefu, ambaye wataalamu humwita Artisornis moreaui kwa kumbukumbu ya Reginald Moreau, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani wakati wa utawala wa Waingereza. Nje ya milima hii, anajulikana mahali pamoja tu duniani, yaani Njesi, kaskazini mwa Msumbiji.

Mti mkubwa unapoanguka msituni, mwanga hufika chini, na mimea itambaayo huota na kusokotana. Humo ndimo shoni hujificha na kutafuta wadudu. Kwa hiyo ndege huyu hudhurika mara mbili: msitu unapokatwa, na vichaka vya kandokando vinapofyekwa kwa kudhaniwa kuwa magugu tu.

Msitu wenyewe umepungua kwa miaka mingi. Mashamba ya chai yalichukua sehemu kubwa ya ardhi ya juu. Kilimo cha iliki chini ya kivuli nacho huondoa miche ambayo ingerithi nafasi ya miti mikongwe. Iliki imesomesha watoto na kujenga nyumba, na hilo halipingwi. Hata hivyo, udongo huchoka, mavuno hushuka, na shamba jipya hutafutwa ndani zaidi ya msitu.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997, inalinda takriban hekta 8,380. Mpaka pekee hautoshi, kwani shoni huishi pia pembezoni, karibu na barabara na mashamba. Misitu hiyohiyo ndiyo inayolisha Mto Zigi, unaolipatia Jiji la Tanga maji.

Kwa hiyo, mwenye shamba linalopakana na msitu anaombwa kubakiza ukanda wa vichaka na mimea itambaayo, na kuhakikisha kuwa moto wa kusafishia shamba hauvuki mpaka. Kijiji chenye msitu wake kinaweza kuutenga na kuusimamia chenyewe kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

Panga hufyeka kichaka kwa dakika chache. Kichaka hicho huchukua miaka kusokotana tena, na shoni hana makao mengine ya kukisubiria.