Siku 45 za Rufaa ya Ardhi

Mwananchi wa Masasi au Newala akishindwa shauri la shamba la mikorosho lililoanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Zikipita, Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, inamruhusu kuomba kuongezewa muda kwa sababu ya msingi. Lakini kwa mwongozo wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Lyamuya Construction la mwaka 2010, lazima aeleze kipindi chote alichochelewa. Kusema tu “niliugua” hakutoshi. Aambatanishe cheti cha hospitali. Kwa hiyo tunaziomba kamati: mjane akishindwa shauri, tuandike naye tarehe ya hukumu siku hiyohiyo, naye atunze kila karatasi.