Prosesa ya Kompyuta kwa Mwenye Mali Haba

Kijana atakaye kucheza michezo ya kompyuta na papo hapo kuirusha mubashara kwenye intaneti, ilhali mfuko wake si mzito, hana budi kufahamu kwamba anaitwika prosesa kazi mbili kwa wakati mmoja: kuuendesha mchezo wenyewe, na kuzifinya picha zake ziwe nyepesi hata ziweze kupita mtandaoni. Viini 6, yaani sehemu za prosesa zitendazo kazi kwa pamoja, kwa rai yetu, ni kadiri ya kutosha.

Asiyejaliwa kununua kadi ya picha na aitazame prosesa ya Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021, yenye viini 6 na uwezo wa picha ndani yake, nayo imekadiriwa wati 65 tu, jambo lisilo dogo kwa anayetegemea jenereta. Core i5-12400 ya mwaka 2022 nayo ina viini 6, pamoja na sehemu mahsusi ya kufinya video. Lakini tahadharini na ile i5-12400 iliyoandikwa herufi F mwishoni mwa jina, kwani haina uwezo wa picha ndani yake, na bila kadi kioo hakionyeshi kitu.

Wala msighurike na jina i7 lililobandikwa juu ya kompyuta kuukuu, maana Core i7-2600 ya mwaka 2011 ina viini 4 tu. Kabla ya kutoa fedha, mwambieni muuzaji aiwashe mashine, nanyi mlisome jina la prosesa lote, herufi kwa herufi.